Siku Sauti Yangu Ilipoposwa

Jana usiku nimeota sauti yangu inaposwa.

Nilipitiwa na usingizi simu ikiwa mkononi. Lilikuwapo tangazo la kazi: anatafutwa mwanamke wa kurekodi kitabu kizima kwa sauti, malipo ni kujulikana. Mimi tangu Ramadhani sijapata kazi, njaa haina adabu, nilishaanza kuwaandikia kwamba nakubali, ila sikuwahi kutuma.

Mara niko sebuleni kwa marehemu bibi, Tanga. Tangazo limeketi mkekani, limevaa kanzu na koti, limekuja na wazee wake. Upande wetu yupo maikrofoni yangu tu, kajifunga kanga, anasema yeye ndiye shangazi. Sauti yangu imefungiwa chumbani kama mwari. Mimi nimesimama mlangoni, bubu kabisa.

"Tumeona ua kwenu," likasema Tangazo.

"Mmekuja na nini?" akauliza shangazi.

"Kujulikana."

"Na mwari atakula nini?"

"Tutamtaja kwa majirani wote. Ila kwanza tumjaribu. Aje kwetu apike, afue, azae mmoja. Tukiridhika, ndipo tutaleta barua ya posa."

"Makubwa haya! Na mtakaa naye mpaka lini?"

"Milele. Hata akifa, ataendelea kusema kwetu."

Wazee wanatikisa vichwa, hawaoni kosa. Mara sebule imegeuka soko la samaki, maji yanatiririka sakafuni, na hakuna aliyejali, watu wamejisogeza tu wasilowe.

"Basi aulizwe mwenyewe," akasema mzee mmoja.

Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Wote wanasubiri. Nafungua kinywa, hakitoki kitu. Shangazi ananitazama, naye hana la kufanya, mila ni mila. Jamani, naozwa bure huku naona! Nilishikwa na uchungu, nikavua kiatu, nikaugonga mlango wa chumba kwa nguvu zangu zote.

"Sitaki!" ikajibu sauti yangu kutoka ndani.

Ni sauti ile ile ninayosifia nayo sabuni redioni, lakini sijawahi kuisikia imekasirika hivyo. Ikataja mahari yake bila kumung'unya maneno, na ikataka nusu kabla ya ukurasa wa kwanza. Tangazo likaomba maji ya kunywa. Shangazi akapiga kigelegele, nami nikacheka, na kicheko kikatoka kinywani mwangu mwenyewe. Nilifurahi, wallahi nilifurahi.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani, na kwenye simu kuna ujumbe wa wenye tangazo, ambao mimi sikuwa nimewatumia hata salamu.

"Tumekubali. Nusu utaipata leo kabla hujaanza kusoma. Ila tafadhali, mwambie shangazi yako asitupigie tena."

Baba yangu alizaliwa peke yake, hana dada. Nikaenda kabatini ninakorekodia, nikaipangusa maikrofoni vumbi taratibu, nikaiambia shikamoo.