Mgeni Aliyekunywa Maziwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kwetu Sericho mgeni alikuja, na mwenyeji akaangamia.

Mwenyeji huyo alikuwa dada yangu Tiya. Sisi wawili tulikuwa tukiwinda majini wanaofyonza damu ya ngamia. Asubuhi moja mwanamke aliyechoka alifika bomani, naye Tiya akampa maziwa kabla ya kumwuliza jina, kama desturi yetu inavyotaka. Mgeni akanywa, akacheka, akageuka moshi na kumwingia dada puani.

Ngamia wote wakamkimbia Tiya. Nikainua mkuki.

"Unaushika kama mwiko wa ugali, mdogo wangu," akasema.

Sauti ilikuwa yake, hata mzaha ulikuwa wake. Badala ya kuchoma, nikatamani kujua.

"Ni wewe, dada, au ni yeye?"

"Tuko sote wawili."

"Na huko ndani kukoje?"

"Ni njaa tupu, Ikra. Sasa ameanza kukutamani wewe."

Macho yake yakawa meupe, akanirukia. Lakini kinywa kile kile kikapiga kelele kwa sauti ya Tiya: "Choma!"

Nikachoma. Jini akafa, na dada yangu akafa naye.

Tulipomaliza kumzika, mjomba Elema aliniita mbele ya wazee.

"Aliyekunywa maziwa yetu hauawi, hata akiwa jini. Umevunja desturi. Omba msamaha."

"Mjomba, dada yangu nitamlilia maisha yangu yote," nikamjibu. "Lakini kwa mgeni yule siombi msamaha."