Swala ya Kiti

Firas aliegemea ukuta, akangoja ua wa nyumba ukome kuzunguka machoni pake, ndipo akavua viatu.

"Karibu, bwana barafu!" Shangazi yake, Mabruka, alitoka jikoni na sahani ya mkate wa mofa. "Mji wetu wote wa Ibra unakutaja wewe. Na sisi barafu yetu ni ya kutia kwenye juisi tu!"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umesinyaa hivyo?"

"Safari."

Kijana huyu alijifunza mpira wa magongo wa barafuni huko Maskati, na sasa timu moja ya kulipwa ya nchi jirani ya Imarati ilikuwa ikimjaribu. Katika mechi zake mbili za mwanzo alifunga bao kila mara. Katika ya tatu, beki mmoja alimbamiza ukutani, pamoja na kofia yake ngumu. Aliinuka, akapunga mkono, akamaliza mchezo. Hakumwambia mtu kwamba tangu hapo, akiinama, dunia huinama naye. Mechi ya kesho ilikuwa ya mwisho ya majaribio. Baada yake kocha angeamua nani apewe mkataba.

"Hilo jicho," Mabruka alikata shauri. "Watu wamesifu bila kusema mashaallah." Akaleta chetezo cha ubani, akamzungushia mpaka kijana akakohoa. Kila kikohozi kilimgonga kisogoni.

Alasiri ilipoadhiniwa, Firas hakwenda msikitini. Aliingia chumba cha ndani, akavuta kiti, akaswali ameketi. Kwenye rukuu aliinamisha shingo kidogo. Kwenye sijda akaongeza kidogo tu, kama wazee wanaoswali pembeni mwa safu. Alipotoa salamu ya pili, alimwona bibi yake, Bi Shaikha, amesimama mlangoni.

"Mimi na magoti yangu haya mabovu bado nalifikisha paji langu chini," alisema bibi. "Wewe una nini?"

"Uchovu, bibi."

"Uchovu huo nami ninao. Swala haijakupoa mdomoni, ya waladi, mwanangu, usiniongopee."

Firas alitazama zulia. Kucheza kulimchosha, lakini kuficha kulimchosha zaidi.

"Nikisujudu naanguka."

Bi Shaikha alikaa kitandani taratibu. "Na kesho ukiangukia hiyo barafu?"

"Nisipocheza, bibi, nafasi yangu itachukuliwa. Mwenzangu yupo, anangoja."

"Basi ataichukua." Hakuyapaka maneno yake asali. "Mpigie daktari wa timu yenu. Hapa, mbele yangu."

Akampigia. Alizungumza Kiingereza, na bibi, asiyekijua, alimsoma usoni. Majibu yalizidi kuwa mafupi. Mwisho Firas aliiweka simu kitandani.

"Kasemaje?"

"Niende hospitali sasa hivi. Kesho sichezi." Akaigeuza simu kifudifudi. "Wala hajui lini nitacheza."

Mabruka, aliyesikia kutoka ukumbini, hakutania tena. Alikuwa tayari akimwita mumewe alete gari.

Bi Shaikha alimvuta mjukuu wake, akamlaza kichwa mapajani. Vidole vyake vikapita kwenye nywele, vikakuta uvimbe, vikauzunguka. Alianza kusoma Alhamdu kwa sauti ndogo. Tangu alfajiri alikuwa macho akimngojea. Katikati ya sura ulimi ukalegea, usingizi ukamchukua.

Firas aliipokea sura pale bibi alipoiachia, neno kwa neno, bila kutikisa kichwa.