Gego la Ndila

Kliniki ya meno ya Daktari Munyao iko orofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, mjini Machakos. Ngazi zake ni nyembamba, na mgonjwa akizipanda hunusa kwanza dawa ya kupe, halafu karafuu. Juu kuna benchi la mbao lililotandikwa plastiki ya maua, dirisha linalotazama milima ya Iveti, na kalenda ya parokia ambayo Peris, msaidizi wa daktari, huifungua mwenyewe kila mwezi unapoanza.

Asubuhi moja ya Novemba, Katunge wa Kangundo aliketi mwisho wa benchi hilo. Alikuwa amevaa sweta ya kijani na viatu vya kanisani, na leso ameifunga kutoka kidevuni hadi utosini. Karibu naye alikaa Bisharo, mama wa Kisomali anayeuza mablanketi karibu na soko, ambaye alikuja kurekebishiwa meno ya bandia. Walijuana. Mablanketi yote ya nyumbani kwa Katunge yalitoka kwa Bisharo.

"Ni lako ama ni la mtu?" Bisharo aliuliza.

"Ni la Ndila."

"Pole, Mama Ndila. La juu ama la chini?"

"La chini, kushoto. Gego."

"Mimi yangu ni goti," Bisharo alisema, akaligusa kupitia buibui. "Ya Hirad, kijana wangu. Tangu aende Afrika Kusini iko hapa. Jana imepanda ngazi mpaka nikalala mapema. Lazima amehama nyumba, huyo, na hajaniambia."

"Si uende hospitali?"

"Niende nikatibiwe? Wallahi, siendi. Hirad hapigi simu. Goti ikipona, nani ataniambia yuko hai?"

Katunge aliikaza leso yake kidevuni. Hilo ndilo jambo alilokuwa akiliwaza tangu atoke nyumbani.

Gego la Katunge mwenyewe la mahali hapo lilianguka alipokuwa na mimba ya Ndila, likaacha pengo. Alilizoea pengo hilo, hata akawa analisahau. Basi mwezi wa Oktoba aliamka akakuta limejaa. Jino lililokuwa pale lilikuwa dogo kuliko meno yake, jeupe kuliko meno yake, na lilikuwa na kiraka juu. Lilikuwa linauma. Katunge alipiga mswaki akaenda kuchuma kahawa.

Siku zilivyopita alizijua tabia zake. Ijumaa asubuhi lilitulia, wenye nyumba wakiwa bado wamelala. Wakati wa kupiga pasi liliwaka. Wageni wakija lilipiga mpaka sikioni, maana Ndila alikuwa amesimama tangu mchana na hakuna aliyemwambia akae. Ilikuwa habari ya kwanza Katunge kuipata baada ya kimya kirefu. Aliipokea vile mtu anavyopokea barua, akiketi.

Ndila alienda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Mkataba wake ulikwisha mwaka uliopita. Madamu wa nyumba alimwekea pasipoti ili isipotee, kisha akamwekea na simu. Katunge alienda Mlolongo kumtafuta ajenti aliyempeleka, akakuta ofisi yake imekuwa duka la magodoro. Mwenye magodoro alikuwa mtu wa adabu. Alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwambia kwamba wengi huja, na kwamba yeye kwa kweli anajua magodoro tu.

"Mama Ndila, ingia," Peris aliita.

Daktari Munyao alimlaza kwenye kiti, akavuta taa, akatazama. Alitazama kwa muda.

"Hiki kiraka nilikiweka mimi," alisema. "Ndila alikuja hapa kabla asafiri. Tazama, hapa pembeni nilikwaruza kidogo, alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka nini?" Katunge aliuliza.

"Sijui. Peris alikuwa anamwambia vitu."

"Nilimwambia akileta bwana wa huko, asilete mwenye ngamia, hatuna pa kufunga," Peris alisema.

Daktari aligusa ufizi kwa kidole, Katunge akashika mikono ya kiti. Usaha ulikuwa umejaa chini ya mzizi. Daktari alisema gego hilo halizibiki tena, ni la kung'oa, ila kuna jambo moja. Mwenye jino ni mtu mzima. Hawezi kung'oa jino la mtu mzima bila yeye mwenyewe kukubali.

Peris alijaribu simu. Ujumbe ulienda ukabaki na alama moja, ya kijivu, kama zile zote zilizotangulia.

Basi Daktari Munyao alichukua kioo chake kidogo, akakigeuza, na kwa mpini akagonga gego polepole. Ko. Akangoja. Huko chini barabarani mtu alikuwa akitangaza nyanya kwa kipaza sauti. Kisha ndani ya kinywa cha Katunge kukasikika: ko, ko. Ulikuwa mgongo wa kijiko, au ukucha.

"Huyo ndiye," alisema Peris, akaenda kuzima redio.

Daktari aliinama juu ya kinywa. "Ndila, ni Daktari Munyao wa Machakos. Niko hapa na mama yako. Gonga mara moja kama ni ndio, mara mbili kama ni hapana. Unasikia?"

Ko.

Katunge alimshika daktari mkono. Ndila alipewa jina la nyanya yake, mama yake Katunge, kwa hivyo tangu akiwa mchanga Katunge alimwita mwaitu, mama yetu. Hakuweza kuinama juu ya kinywa chake mwenyewe, akaomba aulizwe kwa niaba yake.

"Muulize, mwaitu, umekula?"

Daktari aliuliza. Ko, ko.

"Muulize kama anakuja Krismasi."

Daktari aliuliza. Wakangoja. Mwenye nyanya alipita akaenda zake. Peris aligeuka akaanza kupanga pamba ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Jino halikugonga mara moja wala mara mbili.

"Sasa nimuulize la kung'oa?" daktari alisema.

Katunge alifunga mdomo. Alifunga kabisa, meno kwa meno, na daktari akarudisha mkono wake.

"Likitoka, daktari, mimi nitajuaje?"

"Hutajua, mama."

"Si unipe dawa ya kutuliza tu? Mimi naweza vumilia."

"Wewe unaweza."

Katunge alitazama milima ya Iveti dirishani. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, na alifikiria kwamba mahindi aliyopanda yatapata maji. Hapo maumivu yakaja. Yalikuja na mtikisiko wa mashine ya kufagia, na magoti juu ya vigae baridi, na chumvi: Ndila alikuwa ameweka chumvi juu ya jino, kama alivyofundishwa nyumbani, na haikusaidia. Chozi lilimtoka Katunge kwenye jicho la kushoto pekee.

Alifungua mdomo.

Daktari aliuliza. Jibu lilikuja mara moja, kisha likaendelea kuja, ko ko ko ko, kama mtu anayebisha mlango wa kwao mvua ikimnyeshea.

"Hiyo ni ndio," alisema Peris.

"Ganzi itamfikia?" Katunge aliuliza.

"Itafika."

Sindano iliingia. Walingoja shavu life. Daktari alishika koleo, akatikisa kulia, akatikisa kushoto, akavuta. Mzizi mmoja ulikuwa umejipinda, ukachelewa. Gego lilipotoka lilikuwa la moto, na lilinuka sabuni ya unga. Peris alilifunga kwenye pamba akampa mama.

"Umeliondoa?" Bisharo aliuliza, Katunge alipopita kwenye benchi.

Katunge aliitikia kwa kichwa.

"Basi tutakuwa tunatumia goti yangu," Bisharo alisema, akamsogezea nafasi akae kidogo kabla ya kushuka ngazi.

Nyumbani, meno ya utotoni ya Ndila yote yalirushwa juu ya mabati. Hili Katunge hakulirusha. Kurusha ni kwa jino linalotarajiwa kuota tena. Alilifunga kwenye pembe ya leso.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Akiwa kanisani, akiwa kwenye kahawa, ulimi wake ulienda kwenye pengo ukarudi bila habari. Usingizi ulikuwa mzuri, na hilo lilimuudhi. Simu ilibaki na alama moja. Krismasi ilipita.

Jioni moja ya Januari alipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akala mlangoni. Punje moja ilianguka kwenye pengo, na haikuwepo tena. Hakuimeza. Alingoja, akaweka nyingine. Nayo ikaenda.

Ndila alichelewa kuota meno. Wenzake walikuwa wanatafuna miwa, yeye bado ufizi mtupu, na Katunge alimtafunia muthokoi mpaka ulainike, akamlisha kwa ncha ya kidole. Majirani walimcheka kwamba atamtafunia mpaka aolewe.

Tangu jioni hiyo Katunge hupika sufuria kubwa kidogo kuliko ya mtu mmoja. Amepungua mwili, na watu humuuliza kama ni sukari. Ajenti hajaonekana. Duka la magodoro limepanuka, limechukua na chumba cha pili. Alama ya simu ni moja.

Jua likishuka huvuta kigoda mlangoni, sahani magotini. Upande wa kulia hula chake, haraka haraka, amalize. Kisha huongeza chumvi, kwa sababu Ndila hupenda chumvi, na kuanza kutafuna upande wa kushoto, polepole, mpaka ulainike.