Mama wa Pili wa Arvo Koskela

Kila mwaka msimu wa hoki ulipofika ukingoni, Myrtle Hagerman alivaa koti lake zuri la sufu, akatandikiwa zulia juu ya barafu asije akateleza na kuvunja nyonga mbele ya watu, kisha akamkabidhi kijana mmoja Kombe la Koskela. Mji mzima wa Corliss ulipiga makofi. Yeye alitabasamu, akalishika kombe kwa mikono miwili, na moyoni akatamani barafu ipasuke immeze.

Kombe hilo hupewa mchezaji bora wa ligi ya vijana. Lilipewa jina la Arvo Koskela, mshambuliaji wa Corliss aliyeuawa Italia wakati wa vita vikuu. Arvo alikuwa mtoto wa mchimba dhahabu wa huko kaskazini, na kama ilivyo kwa wachezaji wote wanaotoka mbali, klabu ilimtafutia nyumba ya kuishi mjini. Nyumba ilikuwa ya Myrtle, mjane. Arvo alilala chumba cha juu, akala mezani kwa Myrtle, na soksi zake zikaanikwa kamba moja na taulo za Myrtle. Kwa hiyo klabu ilipotaka mama wa kukabidhi kombe, na mama mzazi yuko kaskazini anauguza mume aliyeharibiwa mapafu na vumbi la mgodi, hawakuhangaika. Walimchukua mama wa pili. Myrtle aliwahi kujaribu kukwepa akisingizia goti. Wakamletea kiti.

Halafu ikaja 1951, na mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Kombe liliangukia kwa Wendell Sproule, mtoto wa mkulima mwenye mabega kama mlango, ambaye alikuwa akiishi kwa Myrtle mwenyewe, chumba kile kile. Na mzee Koskela alikuwa amefariki, hivyo mama mzazi, Hilja Koskela, akapanda treni aje kwa mara ya kwanza kukabidhi kombe la mwanawe. Klabu iliona ni vizuri afikie kwa Myrtle. Klabu ile ilikuwa hodari wa kuona vizuri mambo ambayo haitayalalia wala kuyaamkia.

Bi Koskela alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na maneno yake yalikuwa machache kwa sababu Kiingereza alikuwa amejifunzia ukubwani. Alikuja na mkate mtamu wa iliki, umesukwa kama nywele, kama wanavyooka Wafini, watu wa kwao. Walipokaa kula jioni, kabla ya kwenda uwanjani, aliusogeza mbele ya Myrtle.

"Huu wako. Ulimlisha mwanangu, mimi sijakushukuru bado."

"Ah, Bi Koskela, si kitu hicho," Myrtle akasema, akajitia kushughulika na viazi.

"Ni kitu. Alikuwa anakula kama ng'ombe."

Wendell akacheka huku mdomo umejaa. "Basi Mama Hage hana bahati. Anaondokewa na ng'ombe mmoja, analetewa mwingine."

"We nyamaza ule," Myrtle akamwambia. "Ng'ombe angalau anatoa maziwa."

Hata Bi Koskela alicheka, na kwa muda mfupi Myrtle akadhani jioni hiyo itapita salama. Alimpenda Wendell. Kijana alikuwa mvivu wa kufua na mwepesi wa kuomba msamaha, na alikuwa na tabia ya kuimba bafuni akikosea maneno yote. Myrtle alikuwa amemzoea kupita kiasi, na mwenyewe alilijua hilo.

"Msimu ujao utapumzika, mama," Wendell akasema, akifuta mchuzi kwa kipande cha mkate. "Jumatatu nakwenda kujiandikisha."

"Kujiandikisha wapi?"

"Jeshini. Wanachukua watu wa kwenda vitani Korea."

Myrtle aliweka uma chini. "Nani amekutia hayo kichwani?"

"Nani mwingine? Arvo." Alisema kwa upole, akimtazama Bi Koskela ili aone kama amemkosea. "Samahani, mama. Lakini leo nikishapokea kombe lake, kesho nirudi kwetu nikaendeshe trekta ya baba? Nitajionaje? Mwenyekiti wa klabu anatuambia kila mwaka. Hakuna aliyemtuma yule. Alikuwa na timu, alikuwa na mabao, wakubwa wa timu ya Toronto walikuwa wanamtolea macho. Akaamka siku moja akaenda, kwa hiari yake. Na mimi nina nini kuliko yeye hata nikae?"

Bi Koskela alikuwa ameinua kidevu, na uso wake ulikuwa na fahari na maumivu kwa pamoja.

"Ni kweli," akasema. "Alikwenda kwa moyo wake. Hicho ndicho kinanipa usingizi. Mtoto wangu, alichagua mwenyewe."

Myrtle alipima mambo mawili. Akinyamaza, kijana huyu atapanda meli Jumatatu ile au nyingine, akikimbilia kifo kwa kuiga kitu ambacho hakikutokea. Akisema, atamnyang'anya mwanamke huyu usingizi, mezani, mkate wake mtamu ukiwa bado haujakatwa. Na yeye mwenyewe ataonekana alivyo. Hili la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na alijichukia kwa kulifikiria.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Vuli ya 1942 mwanawe Myrtle, Ross, alikuwa ametoweka vitani huko Dieppe. Jeshi lilileta simu ya maandishi kwamba hajulikani aliko, basi, hakuna la zaidi. Myrtle alipika na kufua kama mtu anayetembea usingizini. Jioni moja Arvo aliingia kutoka mchezoni, amefunga mabao, mashavu mekundu, akaketi kwenye kiti cha Ross maana ndicho kilichokuwa karibu na jiko, akaomba kipande cha tatu cha nyama huku akisimulia na kucheka. Akili ya Myrtle ikaruka. Alimwambia maneno ambayo mpaka leo yalikuwa yakimsuta kila alipowasha jiko lile.

Ross mwenyewe baadaye ilijulikana alikuwa mateka. Alirudi vita vilipokwisha, amekonda, akaoa, na sasa alikuwa akikaa mtaa wa pili na kulalamika kuhusu bei ya matairi. Arvo yuko Italia chini ya msalaba. Kila Ross alipoingia kwa mama yake na kufungua friji bila hodi, Myrtle alifurahi, kisha akaona haya kwa furaha yake.

"Wendell," akasema. "Hakwenda kwa hiari."

"Nini?"

"Arvo. Mimi ndiye niliyemfukuza." Sauti yake ilikuwa kavu, na aliyaharakisha maneno asije akarudi nyuma. "Nilimwambia, mwanangu hajulikani kama mzima au maiti, na wewe unanenepa kwenye kiti chake. Nikamwambia kwamba mwanaume wa kweli asingekuwa amekaa hapa anafukuzana na kipande cha mpira kwenye barafu na wenzake wanakufa. Nilisema, nikikuona nakuona mwizi. Yeye akaenda kuosha sahani yake. Asubuhi akaenda kwa watu wa jeshi."

Wendell alikuwa amebaki na kipande cha mkate mkononi.

"Hakuwa na ndoto yoyote ya ushujaa," Myrtle akaendelea. "Alikuwa na ndoto ya kucheza Toronto. Alikwenda kwa sababu mwanamke mzima alimwaibisha mezani akakosa pa kuuweka uso. Sasa wewe unataka kwenda ufe kwa ajili ya mdomo wangu?"

"Na kila mwaka unasimama pale," Wendell akasema polepole. "Unapigiwa makofi."

"Ndiyo."

"Ulinipa mkono msimu uliopita nilipokuwa namshangilia yule aliyelichukua. Ukaniambia, kazana, mwakani litakuwa lako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi." Masikio yake yalikuwa mekundu. Aliurudisha mkate kwenye sahani, akakaa akiutazama kama hajawahi kuona mkate. Jikoni birika lilisikika likitulia. "Jumatatu siendi," hatimaye akasema. "Huko mbele sijui. Lakini Jumatatu siendi."

Myrtle alishusha pumzi. Alishika ukingo wa meza. Amepona huyu, alijiambia. Angalau huyu.

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama Bi Koskela. Alitegemea machozi, au kofi, na kofi angelipokea. Lakini mama yule alikuwa amekunja mikono yake mipana juu ya kitambaa cha meza, akimwangalia kama mtu anayetafuta njia katika mji asioujua.

"Alipotoka kwa watu wa jeshi," akauliza, "alirudi hapa?"

"Alirudi."

"Akakaa muda gani?"

"Wiki. Walimpima, wakamwambia akaage watu, kisha arudi kula kiapo."

"Kabla ya kiapo, mtu anaweza kubaki?"

"Anaweza."

"Na hiyo wiki, mlionana?"

"Kila siku. Asubuhi kwenye chai, jioni kwenye chakula."

"Hasira yako ilikuwa bado?"

Angeweza kudanganya. Kusema ndiyo, alikuwa amechanganyikiwa, hakujua afanyalo, kungemwokoa kidogo. "Hapana. Iliisha usiku ule ule. Nilikuwa naona aibu. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Siku ya kuondoka nilimfungia mikate ya nyama ya kula kwenye treni."

Bi Koskela alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama Wendell, kijana mzima, mwenye pumzi, aliyekaa pale akijikuna shingo kwa kutojua la kufanya. Alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akarudisha macho kwa Myrtle, na hakupandisha sauti.

"Huyu umemwambia," akasema. "Hata chai haijapoa. Kumbe kusema ulikuwa unaweza."

Miaka yote hiyo Myrtle alikuwa akijilaumu kwa maneno aliyoyasema jioni moja, akiwa na uchungu wa mtoto. Hayo alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu na kutafunia upande wa pili. Zile asubuhi alizommiminia Arvo chai akakaa kimya hakuwahi kuziangalia usoni.

Bi Koskela alisimama, akatafuta koti lake mwenyewe kwenye misumari iliyo nyuma ya mlango, akalifunga vifungo mpaka shingoni. Wendell naye akainuka.

"Uwanja ni mbali?" Bi Koskela akamuuliza.

"Dakika chache tu kwa miguu, mama."

"Nishike mkono. Nje kunateleza."

Walitoka. Mlango haukubamizwa, Bi Koskela aliufunga kwa utaratibu, kama mgeni mwenye adabu. Myrtle aliwasikia wakishuka ngazi, Wendell akimwonyesha pa kukanyaga, kisha hakuwasikia tena. Koti lake zuri lilikuwa limening'inia tayari, limepigwa brashi tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia abaki. Alibaki ameketi.