Mtungi Uliofunikwa

Miye sipendi gemu. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani nimezeekea utotoni. Nyumba yetu ya Nguvumali ilikuwa nyumba ya watu wenye kazi zao mpaka mdogo wangu Ayubu alipokwenda kuoa Pemba akaniletea wifi. Wifi mwenyewe, Khairiya, kila akimaliza vyombo hukaa kitako mbele ya runinga, pedi ya kuchezea gemu mkononi, akaogelea. Mchana kutwa anaogelea, na nguo zake kavu.

Ayubu ndiye aliyemwachia maradhi hayo. Yeye ni baharia, yuko chumba cha injini katika meli ya mizigo, na mashine ya gemu aliiazima kwa rafiki yake Sele, mwenye banda la gemu kule Ngamiani. Kabla ya safari walikuwa wakicheza wawili, mtu na mkewe, bega kwa bega. Humo kwenye gemu meli imevunjika, wao wameokoka, na sasa lazima waishi chini ya bahari: watafute chakula, wajenge kijumba, na kila wafanyalo wakumbuke pumzi. Kila mwogeleaji ana mtungi wake wa hewa mgongoni. Hewa ikiisha, umekufa. Na Ayubu, kwa kujidai kwake, alichagua mchezo wa roho moja. Mmoja wao akifa, hata mara moja, dunia yote inafutika na kijumba chao ndani yake.

Siku aliyoitwa melini ghafla, mimi nilikuwa Ushongo kwenye arusi ya binti wa shoga yangu Tausi. Niliporudi nilikuta chumba kimefagiwa na Ayubu hayupo. Miye niliyemlea tangu mama yetu atangulie mbele ya haki, naondokewa kama jirani wa mtaa wa tatu. Eti alinipigia simu hakunipata. Simu ilikuwa kiunoni, kwenye pindo la kanga, na haikulia hata kidogo. Basi alipopiga kutoka bandari moja huko mbali, nilimwambia Khairiya amwambie niko msalani. Nikaenda msalani kweli, nikakaa humo mpaka salamu zao zikaisha. Tangu hapo meli ikaingia bahari kuu na simu yake haikupatikana tena.

Mkewe lakini alimuaga, tena kwa maandishi. Kabla ya kutoka alikaa akachomeka vibao humo humo kwenye gemu, kila kimoja na maneno yake. Mlangoni pa kijumba kuna kibao: "Karibu kwako, mke wangu." Kwenye majani marefu kuna kingine: "Nikikumbuka mchuzi wako wa pweza najuta kuzaliwa na tumbo moja." Na penye samaki wekundu ameandika: "Hawa wanauma kuliko dada." Nilikisoma hicho kwa macho yangu mawili. Khairiya alijifanya anakohoa.

Kibao cha nne ndicho kilichomkosesha raha. Mdomoni mwa meli iliyovunjika Ayubu aliandika: "Kimebaki kimoja, kiko chumba cha injini. Usiingie mpaka uwe na pumzi ya kutosha." Mwogeleaji wake yeye alikuwa na mtungi mkubwa, alioutengeneza kwa kuokota vyuma wiki baada ya wiki, akaingia na kutoka. Khairiya alikuwa bado na mtungi wa kuanzia, wa kitoto. Akiingia na huo atafia humo, na vibao vyote vitakwenda naye.

Angeweza kuokota vyuma vyake taratibu. Lakini siku ya Ijumaa Sele alikuja, akaniamkia, kisha akaanza kuzungukazunguka maneno. Banda lake analihamishia Ushongo, karibu na wageni, na mashine yake anaihitaji.

"Jumapili alasiri nitaifuata, shemeji," akamwambia Khairiya. "Nitafuta vilivyomo, nitie gemu ya mpira. Haina nafasi ya vyote viwili."

"Na mtungi mkubwa unapatikana wapi, shemeji?" Khairiya akauliza. "Mimi nataka niingie meli mara moja tu."

Sele akacheka, si kwa ubaya. "Ule ni wa kutengeneza, na vyuma vyake si vya siku mbili. Wanaume wazima pale bandani wamekufa ndani ya meli ile wakitoka machozi."

Mwingine angelia. Mimi ningemtukana Sele. Khairiya alimshukuru, akamtilia kahawa, na alipoondoka tu akashika pedi.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Nilikuwa na sinia langu la mchele nachagua, na nilijiambia nimekaa pale kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Kisebusebu na kiroho papo. Khairiya haitazami namba ya hewa iliyo pembeni. Akizama tu anasoma Qul-huwallahu kwa sauti ya chini, polepole, anairudia, na anajua kisomo kipi ndicho nusu ya pumzi yake. Akifika hapo anageuka. Hata kitu anachokitaka kiwe mbele ya pua, anageuka. Nilimuuliza kwa nini asisogee kidogo tu akichukue.

"Pumzi ya kwendea si yangu, wifi, nimeiazima," akasema. "Ya kurudia ndiyo yangu mie."

Alikwenda mdomoni mwa meli akarudi. Akajaribu kupitia juu, akarudi. Akajaribu dirisha lililovunjika, akarudi, na hakusonya hata mara moja. Mimi kwenye kuchagua mchele tu husonya mpaka mdomo ukauma. Nikaona huyu mtoto wa Kipemba niliyemdhania mvivu ana subira ambayo katika ukoo wetu hatukugawiwa.

Sasa, Ayubu aliiweka gemu ile kwa Kiswahili. Nani aliyeifasiri sijui, ila pembeni ya kioo maneno hayakatiki: "Tafuta mtungi mkubwa. Tafuta mtungi mkubwa." Jumamosi yalinichosha.

"Mtungi, mtungi, mtungi!" nikasema. "Na kila siku unaipita mitungi ile pale!"

Nilikuwa nimeiona tangu zamani. Nyuma ya kijumba chao, kwenye mchanga mweupe penye maji mafupi, imelala mitungi ya udongo, mikuukuu, kama ya chombo kilichozama enzi za mababu. Khairiya alicheka mpaka pedi ikamdondoka.

"Wifi jamani! Mtungi wa hewa, wa chuma, ule unaovaliwa mgongoni! Ile ni ya maji, wameiweka pambo tu."

"Mtungi ni mtungi," nikamjibu. Kwetu mtungi uko pembeni ya ukumbi, aliuacha mama, na kata yake juu ya kifuniko. Maji ya friji siyanywi, yananikwaruza koo. "Na kama ni mapambo, mbona mmoja umefunikwa?"

Akauleta karibu. Mitungi mingine yote ilikuwa imeachama midomo, samaki wanaingia na kutoka. Mmoja, wa mwisho, nusu umefukiwa mchangani, ulikuwa na kifuniko.

"Mtungi usiofunikwa hunywewa na shetani," nikasema. "Mwenye huu alikuwa Mwislamu. Na aliyefunika ana kitu chake ndani."

Nilikuwa nabishana tu, Mungu ananijua. Lakini Khairiya hakuuliza mara mbili. Alishuka, akafukua mchanga, akashika kifuniko, akakivuta. Yakatoka mapovu mengi, na ndani yake, kilipotulia kile kivumbi cha mchanga, kukawa na mtungi wa chuma, mkubwa, unang'aa, na mikanda yake ya mgongoni. Maneno yakabadilika pembeni ya kioo: "Umepata mtungi mkubwa." Mstari wa hewa ukarefuka mpaka ukapita mara mbili ya ule wa kwanza.

Tulipiga vigelegele, yeye na mimi, jirani akachungulia kuuliza nani kaposwa. Aliyefasiri gemu hakumjua mama yangu, na aliyeficha kile chuma humo hajui hata Kiswahili ni nini. Ni kosa langu la ubishi lililomtia Khairiya pumzi, na hekima yake ya kulifuata kosa badala ya kulicheka mpaka mwisho. Wangapi wangenijibu "wacha, wifi" wakaendelea?

Jumapili alasiri Sele alikuja na boksi. Khairiya akampa kiti.

"Kaa kidogo tu, shemeji. Naingia."

Sele akaona ule mstari wa hewa, akasimama tena. "Umeupata wapi?" Tulipomwambia akashika kichwa. "Ile mitungi si pambo tu? Nimepita pale tangu gemu hii itoke!"

"Ulipita bila kiu," nikamwambia.

Khairiya alivuta ushungi nyuma ya masikio, akasema bismillahi, akazama. Jamani, nimeona watu wakifanya kazi zao vizuri, lakini sijaona utulivu ule. Ndani ya meli kulikuwa giza, na taa yake iliangaza kipande kidogo tu cha ukuta. Mkunga mkubwa, yule samaki mrefu kama nyoka, alitoka mlangoni akaja moja kwa moja, Sele akapiga ukelele, Khairiya akajibana ukutani kama mtu anayempisha mzee barazani, mkunga akapita. Qul-huwallahu haikukatika. Ngazi imepinda, akashuka nayo. Mlango umeziba, akatafuta mwingine. Kisomo cha nusu kilimkuta mlangoni pa chumba cha injini, na kibao kikaonekana palepale, kimeegemea bomba. Akakisoma kwa sauti, maana mimi miwani nilikuwa nimeisahau jikoni.

"Khairiya, ukifika huku najua hukufika peke yako. Dada yuko nyuma yako. Msomee. Dada Asmahani, nimekupigia Ushongo mpaka simu imeisha chaji, sikukupata. Meli hainingoji. Naondoka sijakuaga, na moyo wangu hautulii. Shikamoo, dada yangu."

Mimi nilitazama sinia langu la mchele magotini, na mchele siuoni.

"Shemeji, geuka," Sele akasema. "Geuka sasa, hewa!"

Khairiya hakugeuka. Mwogeleaji wake alielea pale mbele ya kibao, na mstari ukawa unapungua.

"Wifi," akasema, bila kunitazama. "Kakuamkia."

"Nimesikia. Rudi."

"Shikamoo haiachwi hewani, wifi. Muitikie."

"Toka kwanza, nitamuitikia baadaye! Utakufa, vibao vyako vyote vitafutika!"

"Muitikie, ndipo nigeuke."

Mstari ukaingia wekundu. Sele alikuwa amepiga magoti kama anaswali. Mtu aliyegeuka kwenye nusu siku zote, hata kitu kiwe puani, alikuwa anaitumia ile pumzi ya kurudia, ile aliyosema ndiyo yake, ananingojea mimi. Na mimi nilikuwa na donge kooni la miezi, limekaa pale na haki zake zote. Nilijaribu kulimeza likakataa. Nikalitema.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, Ayubu. Marahaba mdogo wangu, nenda salama, radhi zangu unazo."

Akageuka hapohapo. Ngazi, mlango, ukuta, sikuona kitu, niliona mikono yake tu, vidole vinakwenda haraka na haviparamii. Kioo kikaanza kuwa cheusi pembeni, weusi ukaja katikati, ukabaki uwazi kama tundu la sindano. Kisomo chake kilikuwa kimekatika, na sisi wawili, mimi na Sele, tukajikuta tunamsomea. Kisha tundu likapasuka likawa mbingu nzima, jua, maji yanang'aa, na ile sauti ya mwogeleaji akivuta hewa ikajaza ukumbi.

Sele alivua kofia, akaifinyanga mikononi. "Shemeji," akasema, "hii siifuti, nakwenda kuitunza kama ilivyo. Mpira nitautafutia mashine nyingine." Akaichomoa taratibu, akaitia kwenye boksi kama mtu anayebeba mayai, akaenda zake.

Khairiya alibaki amekaa chini, pedi haipo tena. Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, kana kwamba amenikosea adabu.

"Umekasirika, wifi?"

Nilikwenda pembeni ya ukumbi, nikafunua mtungi wa mama, nikachota maji kwa kata, nikampelekea na kumshikia mwenyewe mdomoni mpaka akamaliza. Kisha nikarudi nikaufunika.

"Akipiga simu," nikamwambia, "anza kunipa mimi."