Waya wa Feni

Siku mama yetu anakata roho, dada yangu alikuwa kakwama barabarani, boneti wazi, akisubiri injini ipoe. Baada ya mazishi akaniletea gari gereji.

"Likienda mbali kidogo tu linachemka, kaka. Nataka kujua kwa nini."

Mumewe alikuja naye, akaegemea mlango akichokonoa meno.

Maji ya rejeta yalijaa. Pampu ilikuwa nzima. Feni ndiyo haikuzunguka. Nikafuata waya wake, nikakuta umechomolewa, ncha imeviringishwa nailoni isiingie vumbi. Nailoni! Mtu alitulia akafanya kazi safi.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akatema kijiti.

"Uchomeke tu. Kila siku kiguu na njia kwa mama yenu, nilichoka. Sasa hana pa kwenda."