Na Mkewe

Mama alifariki akiwa na miaka tisini na sita, na neno la kwanza la kaka yangu Evert lilikuwa kwamba tushukuru, jiwe la kaburi lipo tayari.

Lipo kweli. Limesimama pale makaburini kwa parokia yetu, Hultaryd, tangu babu azikwe, jiwe jeusi lililong'arishwa hadi unaweza kuchania nywele mbele yake. Juu kabisa limechongwa MWENYE SHAMBA KARL JOHAN NA MKEWE. Baba alipofariki mwaka 1981, Evert aliagiza mstari wa pili ufanane na wa kwanza, maana sisi ni watu wa utaratibu: MWANAWE ALGOT NA MKEWE. Huyo mkewe alikuwa hai, ana miaka hamsini na mitano, na siku jiwe linarudishwa alikuwa amesimama hapo hapo kashika ndoo ya kumwagilia maua. Kwa miaka arobaini na mmoja iliyofuata alilipalilia kaburi ambalo tayari lilikuwa limemzika. Kila Jumamosi ya kiangazi alipiga magoti, akang'oa magugu, akalisugua jiwe kwa brashi, halafu akarudi nyumbani kuchemsha viazi.

Mimi nilitaka jina lake liandikwe. Sikuomba sanamu wala malaika wa shaba, niliomba Ester tu. Lakini huku kwetu kaburi lina mwenyewe, na mwenyewe si maiti. Ni yule aliyeandikishwa katika ofisi ya makaburi, na bila saini yake fundi wa mawe haruhusiwi hata kulipangusa vumbi. Aliyeandikishwa ni Evert. Alirithi shamba, msitu, trekta, mbwa na kaburi. Mimi nilirithi vijiko vya kahawa na wosia wa kuolewa mapema.

Nilimpelekea fomu jikoni kwake. Aliitazama bila kuigusa.

"Mbona ameshaandikwa," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Na mkewe. Kwani baba alikuwa na wake wangapi?"

Nilimwambia kwamba wanaomjua mama leo wana miaka themanini, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua huyo mkewe alikuwa nani. Evert akasema baada ya miaka kumi hata yeye atakuwa amelala hapo, mstari wa tatu, na mkewe. Shemeji yangu Majvor alikuwa anamenya viazi kwenye sinki. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Niliikunja fomu nikairudisha kwenye mkoba, na kwa wiki tatu nilitembea nayo kila mahali.

Wiki hiyo hiyo mchungaji alikuja kutuuliza habari za marehemu, ili apate la kusema kanisani. Mchungaji Tove ni binti mdogo, mpole, ana daftari lenye maua. Aliuliza mama alikuwa anafanya kazi gani.

"Hakuwa na kazi," akasema Evert. "Alikuwa nyumbani tu."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kaka yangu amelibeba kanda hilo maisha yake yote bila kutoka jasho. Ni kweli, mama alikuwa nyumbani tu. Alianza kupumzika saa kumi na nusu alfajiri, kwa kukamua ng'ombe kumi na wanane. Kwetu mwanamume hakamui. Baba alikuwa shujaa aliyepiga risasi nguruwe mwitu bila kupepesa, lakini chuchu ya ng'ombe ilimshinda, kwa sababu mwanamume akionekana na kigoda na ndoo angechekwa hadi parokia ya tatu. Basi mama akakamua. Akitoka hapo alijipumzisha kwa kuoka mikate, kufua kwenye tundu la barafu ziwani, kupika soseji za damu, kujaza ghala chupa za jemu, na kutuzaa. Siku aliyozaliwa Evert alikamua asubuhi, akajifungua mchana, na jioni akauliza ni nani aliyekamua na kama alimaliza vizuri. Jioni za baridi ndipo alipokaa kwenye kiti, na kwa kuwa alikuwa amekaa, alifuma soksi.

Haya yote nilimweleza mchungaji, tena kwa ukali kidogo. Alisikiliza kwa huzuni, akaandika: mama wa nyumbani. Evert akaongeza kwamba alipenda maua.

Mazishi yakafanyika. Kanisani mchungaji alisoma jina lote, Viola Ester, na hakuna aliyeshtuka. Kila mmoja wetu ana majina mawili matatu aliyobatizwa nayo, moja la kuitwa na mengine ya kupamba vyeti. Sote tulijua Viola ni la mapambo.

Kahawa tulinywea shambani, kwenye sebule ile nzuri ambayo mama aliisafisha kila Ijumaa na kuikalia labda mara sita. Majirani walileta keki ya jibini, kila mmoja ya kwake ndani ya sufuria ya shaba aliyoiokea, tukaila kama inavyoliwa huku kwetu, kuanzia katikati, pembeni tukawaachia waliochelewa. Watu walimsifia marehemu kwa mapishi. Walipomaliza kusifia mapishi walisifia unyamavu wake. Halafu Evert akagonga kikombe kwa kijiko, akasimama.

Alisema mama alikuwa mtu wa zamani. Alisema hakuwahi kwenda kazini hata siku moja, na hakuwahi kulalamika. Wageni wakatikisa vichwa kwa kukubali, maana kwetu kutolalamika ndiyo taji la mwanamke. Nilikuwa na mdomo umejaa keki, na namshukuru Mungu, vinginevyo ningesema jambo.

Aliyesema ni mama mdogo Asta. Ana miaka tisini na mmoja, ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa kwao, na kwa sababu anaishi ng'ambo ya ziwa tulimwona kwenye misiba tu. Masikio yake husikia anapotaka yasikie. Aliegemea meza akasimama.

"Unamsema nani, mwanangu?"

"Mama," akasema Evert.

"Jina lake nani?"

"Ester. Mama mdogo, kaa, usichoke."

"Ester alipewa na mama mkwe. Dada yangu aliitwa Viola. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwita vingine hadi siku aliyoolewa."

Evert akatabasamu lile tabasamu la kumpa mzee nafasi. Asta hakulitaka. Alisimulia pale pale, amesimama. Mama alipoingia hapa bi harusi, mwaka arobaini na tisa, kulikuwa tayari na Viola kwenye hii nyumba. Alikuwa ng'ombe. Tena si ng'ombe wa hivi hivi, alikuwa na tuzo ya maonyesho ya wilaya. Bibi, huyo mama mkwe, akaona itakuwa vurugu, ukiita mmoja wanageuka wawili, na ng'ombe kwa vile alimtangulia bi harusi kwa miaka saba, na alikuwa ameshalizoea jina, na alikuwa na cheti, basi mgeni ndiye abadilishe. Akapewa la pili.

"Kwa hiyo," Asta akamaliza, "mimi leo nimemzika Viola. Ninyi sijui mmemzika nani."

Mtu mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Evert alisema kwa sauti ya chini kwamba haiwezekani, angejua. Yeye amekulia humu. Yeye anawajua ng'ombe wote wa shamba hili.

"Basi nenda bandani," akasema Asta.

Tukaenda, mimi na Evert, wazee wawili tuliovaa nguo za msiba, tukavuka uwanja. Ng'ombe waliuzwa mwaka 2004 na banda limebaki la kuwekea magogo na baiskeli mbovu, lakini juu ya kila kizimba bado pana kibao cheusi chenye maandishi meupe, maana hakuna aliyefikiria kuvitoa. Evert alipita akivisoma, na sura yake ikachangamka licha ya siku ilivyokuwa. Huyu Majros alikuwa anapiga teke. Huyu Lilja alikunywa maziwa yake mwenyewe. Huyu Krona mama yake alikuwa Stjärna, na mama wa Stjärna alikuwa Gullan. Alizitaja koo zao hadi vizazi vinne bila kukwama.

Kibao cha Viola kilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa zamani, nyuma ya magogo. Tuliyasogeza. VIOLA. Kuzaliwa 1942. Mama: Docka. Baba: Prins. Tuzo ya kwanza, 1948. Maandishi yalikuwa ya mkono wa mama. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo kila vuli alipewa kopo la rangi nyeupe avipake vibao upya.

Evert alikipangusa vumbi kwa mkono wa koti.

"Huyu hata mama yake kaandikwa," akasema.

Nilikuwa nimelisubiri hilo kwa wiki tatu, na mkuki ulikuwa umenolewa. Nikamuuliza: "Na mama yake mama yetu aliitwa nani?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, namjua, alikuwa anatafuta. Kisha akasema hajui.

"Wewe je?"

Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na mitano. Nimewafelisha watoto wa watu kwa kosa la kuwachanganya wafalme waliokufa miaka mia tatu iliyopita. Nilifungua mdomo, na ndani hamkuwa na kitu. Tulimwita bibi wa ng'ambo, na alipofariki tulikuwa wadogo, na baada ya hapo sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumwaibisha kaka yangu, na tuliaibika wote wawili tukiwa tumeshika magogo.

Tulipotoka, Asta alikuwa ameshaingia kwenye gari, binti yake akiwasha injini. Evert alikimbia. Sijamwona akikimbia tangu apasuliwe nyonga. Akainama dirishani.

"Mama mdogo. Mama yenu aliitwa nani?"

"Emma," akasema Asta. "Emma Charlotta. Mmechelewa kuuliza, lakini bado nipo."

"Na mama mwenyewe, hakuchukia? Kuchukuliwa jina na ng'ombe?" Evert akauliza.

"Alicheka. Alisema atangoja, ng'ombe haishi milele." Asta alitazama mikono yake. "Mwaka hamsini na tano ng'ombe akafa. Akaniandikia barua kunieleza. Nikamuuliza, sasa si utarudi kuwa Viola? Akanijibu, nani wa kuniita? Algot kashazoea Ester, na watoto wananiita mama."

Mwaka hamsini na tano Evert alikuwa na miaka minne, mimi miwili. Aliunyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikatoa fomu kwenye mkoba. Akaiweka juu ya paa la gari, akaandika jina kwenye nafasi yake, akatia saini. Nikamuuliza kama tumwambie fundi aufute ule mstari wa zamani. Asta akajibu kabla yake.

"Uacheni. Alikuwa mkewe pia."

Gari likaondoka. Tulibaki uwanjani, na wageni walikuwa wanatuchungulia dirishani na vikombe mkononi, lakini hakuna aliyetoka. Evert alikuwa bado ameshika fomu, anaisoma.

"Viola," akasema, si kwa sauti kubwa. Halafu akalisema tena, vizuri zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto yeyote wa mama kumwita hivyo, na nililia, kwa sababu tulisimama pale wote wawili tukangoja kidogo, wajinga sisi, na hakuna aliyeitika.